Breki ya mota ya msumeno wa utepe kwa softi stata na sensa ya mwendo: mwongozo kamili

Zima msumeno wa utepe wenye magurudumu mawili ya chuma cha kusubu, kisha subiri. Mota haipati umeme, kelele imepungua, lakini utepe unaendelea kukimbia kwa dakika kadhaa. Huo ndio muda ambao watu huumia kwenye viwanda vya mbao, kwa sababu mashine iliyozimwa huonekana imeshalala. Anayetaka kubadilisha utepe hana subira, na ukimya wa mota humdanganya.

Softi stata (vifaa vya kuanzisha mota taratibu) nyingi za kisasa zina uwezo wa kufunga breki, lakini mafundi wengi huiwasha kwa kuweka namba ya sekunde na kuondoka. Msimamo wangu katika mwongozo huu ni mmoja: breki ikatwe na sensa iliyoona gurudumu limesimama, na sekunde zibaki kuwa kikomo cha juu tu. Utepe mpya, utepe butu, mkanda uliolegea, beringi iliyokauka, vyote hubadilisha muda wa kusimama. Ukiweka sekunde chache mno, breki inaachia gurudumu likiwa bado linazunguka. Ukiweka nyingi mno, unachoma koili za mota iliyosimama na ambayo feni yake haipulizi.

Mfano nitakaoutumia ni mota ya 37 kW, poli 4, 400 V, 50 Hz, yenye mwendo wa mizunguko 1,480 kwa dakika, inayosukuma msumeno wa utepe kwa puli na mikanda. Ni aina ya mashine utakayoikuta kwenye viwanda vinavyopasua misonobari na mikaratusi, kama vile vya Mafinga, Tanzania. Hesabu ni zilezile kwa mashine ya kuparua mbao, kinu cha nyundo au feni kubwa. Badilisha namba tu.

Kwanza, tofautisha vitu viwili vinavyochanganywa

Softi stata hupunguza voltaji kwa thairista, yaani swichi za kielektroniki zinazokata sehemu ya wimbi la umeme. Mota ikianza, voltaji hupanda taratibu. Kuna pia kipengele cha kusimamisha taratibu, ambapo voltaji hushuka pole pole. Hicho kimewekwa kwa ajili ya pampu, ili maji yasigonge mabomba. Kinarefusha muda wa kusimama. Ukikiwasha kwenye msumeno ukidhani ni breki, umeongeza hatari.

Breki yenyewe iko ya namna mbili. Ya kwanza ni ya DC: thairista hupeleka umeme wa mwelekeo mmoja kwenye koili za steta (sehemu ya mota isiyozunguka), uga wa sumaku unasimama tuli, na rota (sehemu inayozunguka) ndani yake huzalisha mikondo inayoipinga. Rota ikisimama, nguvu ya kuzuia nayo inaisha. Hivyo breki ya DC haiwezi kushikilia mzigo. Winchi, lifti na mkanda wa kupandisha mzigo mlimani vinahitaji breki ya springi inayofungwa umeme unapokosekana, na hilo halina mjadala.

Ya pili ni ya kugeuza fezi, yaani mpangilio wa nyaya tatu za umeme wa mota. Kontakta (swichi kubwa za sumaku) mbili hubadilishana, uga wa sumaku unazunguka kinyume, na softi stata inaupeleka kwa voltaji ndogo. Watengenezaji Danfoss kwenye softi stata ya MCD 500 na AuCom kwenye EMX3 huiita breki laini, na hutumia sensa ya mzunguko kujua lini ikate. Bila sensa, mota ikifika sifuri inaanza kurudi nyuma.

Hesabu kabla ya kugusa bisibisi

Chukua magurudumu mawili, kila moja lina kilo 180 na kipenyo cha mita 1. Uzito mwingi uko pembeni, kwa hiyo inesha (ukaidi wa kitu dhidi ya kubadilishiwa mwendo wa kuzunguka) ya kila gurudumu ni takriban 30 kg·m², jumla 60. Utepe unakimbia mita 35 kwa sekunde, maana yake gurudumu linazunguka mara 668 kwa dakika. Ili kuihamishia inesha hiyo kwenye shafti ya mota, zidisha kwa mraba wa uwiano wa mwendo: 668 gawanya kwa 1,480 ni 0.451, na mraba wake ni 0.204. Unapata 12.2 kg·m². Ongeza rota ya mota yenyewe, kama 0.4, na jumla ni 12.6.

Mwendo wa mota kwa radiani ni 155 kwa sekunde. Nishati mwendo ni nusu ya 12.6 mara mraba wa 155, sawa na kJ 151. Nishati hiyo yote lazima iende mahali. Kwa breki ya DC huishia kuwa joto ndani ya rota.

Hapa kuna jambo ambalo kila fundi wa mota anapaswa kulijua. Kuanzisha mzigo wa inesha kunaacha ndani ya rota joto linalolingana na nishati mwendo, yaani kJ 151 kwa mfano wetu. Kusimamisha kwa DC kunaacha kiasi hichohicho. Kusimamisha kwa kugeuza fezi kunaacha mara tatu yake, hata ukipunguza voltaji, kwa sababu kupunguza voltaji kunarefusha muda bila kupunguza joto la jumla. Basi kuanza na kusimama kwa DC ni sawa na kuanza mara mbili, na kuanza na kusimama kwa kugeuza fezi ni sawa na kuanza mara nne. Mtengenezaji wa mota akikuruhusu kuanza mara 6 kwa saa na mzigo huo, kwa DC una mizunguko 3 ya kuwasha na kuzima, na kwa kugeuza fezi unabaki na mmoja tu.

Sasa torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Ukitaka kusimama kwa sekunde 30, torki ya wastani ni 12.6 mara 155 gawanya kwa 30, sawa na Nm 65. Torki ya kawaida ya mota hii ni wati 37,000 gawanya kwa 155, yaani Nm 239. Unahitaji wastani wa asilimia 27. Ukitaka sekunde 12, unahitaji Nm 163, asilimia 68. Kumbuka kwamba torki ya DC ni dhaifu mota ikiwa kwenye mwendo wa juu na hupanda karibu na mwisho. Wastani huo haupatikani kwa mkondo mdogo.

Angalia pia uwiano wa inesha ya mzigo kwa ile ya rota. Kwetu ni 12.2 kwa 0.4, kama 30 kwa 1. Huo ni mzigo mzito. Vitabu vya watengenezaji huweka kikomo cha uwiano kwa kila aina ya breki, na ukikivuka hawakuhakikishii chochote. Kisome kabla ya kununua.

Kuchagua aina ya breki

Kwa msumeno wa utepe mimi naanza na DC kila inapowezekana, hata kama nitakubali sekunde 30 badala ya 12. Haiwezi kurudisha utepe nyuma, haihitaji kontakta za kugeuza, na joto lake ni theluthi moja ya ile nyingine. Kuna sababu ya ziada ya kimekanika: breki inashika gurudumu la chini lenye mota, wakati gurudumu la juu halina kitu cha kulizuia isipokuwa utepe wenyewe. Ukibana ghafla, gurudumu la juu linausukuma utepe, unalegea upande mmoja na unaweza kuruka. Msumeno wa mviringo una tatizo lake: nati inayoshika diski inaweza kufunguka breki ikiwa kali.

Nenda kwenye kugeuza fezi pale uwiano wa inesha unapozidi kikomo cha DC, au muda wa kusimama ukishindikana, na mashine inazimwa mara chache tu kwa siku. Kama mashine inazimwa na kuwashwa kila baada ya dakika chache, au inahitaji kusimama kwa usahihi mahali fulani, acha softi stata. Nunua kibadili masafa (kifaa kinachobadilisha mwendo wa mota kwa kubadilisha masafa ya umeme) chenye rezista ya breki. Ni ghali zaidi mwanzoni, lakini nishati inaungua kwenye rezista nje ya mota.

Waya za nguvu

Mpangilio ni huu: sakiti breka, fyuzi za haraka za kulinda thairista, kontakta kuu, softi stata, mota. Mambo manne yanahitaji macho.

Softi stata iunganishwe kwa waya tatu kwenye laini. Ukiiunganisha ndani ya delta (muunganiko wa pembetatu wa koili za mota) kwa waya sita ili ununue ndogo zaidi, vifaa vingi havitakuruhusu kutumia breki.

Kontakta ya baipasi, inayopitisha umeme kando ya thairista mota ikishafika mwendo kamili, lazima ifunguke kabla breki haijaanza, kwa kuwa bila hivyo thairista hazina kazi. Chukua kontakti yake saidizi na uiingize kwenye mantiki ya ulinzi. Baipasi iliyoganda inamaanisha mota inaendelea kula umeme kamili huku opereta akidhani ameizima.

Modeli nyingine zinahitaji kontakta ya breki upande wa mota. Siemens 3RW44, kwa mfano, inaihitaji kwa breki ya DC, ila kwa breki yake ya mchanganyiko haihitaji. Kontakta hiyo ikiganda, kuwasha tena ni shoti. Ifunge kwa njia mbili, ya umeme na ya kimekanika, na vivyo hivyo kwa kontakta mbili za kugeuza fezi.

Nne, ulinzi wa joto. Ovalodi (kinga ya mota dhidi ya mkondo mwingi) ya kawaida haioni vizuri mkondo wa breki ya DC, kwa sababu transfoma za kupimia mkondo hazipitishi DC. Agiza mota yenye thamista za PTC (sensa za joto) ndani ya koili na uziunganishe. Kwa mzigo huu naona ni sharti. Klempu mita nayo iwe ile inayopima DC, la sivyo namba utakazosoma wakati wa breki hazina maana.

Kitufe cha dharura, ambapo wengi hupotea

Breki ya softi stata inakula umeme wa gridi. Ukikata umeme, umekata breki. Bado utakuta paneli ambazo kitufe cha dharura kinaangusha kontakta kuu papo hapo, na hivyo mashine inasimama polepole zaidi wakati wa dharura kuliko siku ya kawaida.

Kiwango cha IEC 60204-1 kinataja aina za kusimamisha: aina ya 0 inakata umeme mara moja, aina ya 1 inabakiza umeme mpaka mashine isimame kisha inaukata. Kwa msumeno wenye breki ya umeme unataka aina ya 1. Kitufe kifungue amri ya kukimbia na kuamsha rilei ya usalama yenye ucheleweshaji. Rilei hiyo iangushe kontakta kuu baada ya muda mrefu kidogo kuliko kikomo cha muda wa breki, tuseme sekunde 35 kwa kikomo cha 30. Kontakta ianguke bila kusubiri iwapo softi stata itatoa hitilafu. Umeme wa kidhibiti wa softi stata na wa sensa nao usikatwe na kitufe.

Na gridi ikizimika yenyewe? Hakuna breki hata kidogo. Hilo ndilo linalokulazimisha kuweka kufuli kwenye milango ya magurudumu, kufuli la springi linalofunguka kwa kupewa umeme tu. Umeme ukikatika, mlango unabaki umefungwa. Kufuli la namna nyingine, linalofunga kwa umeme, halifai hapa.

Sensa: iwekwe wapi, na isome nini

Tumia sensa ya induktivu (inayohisi chuma bila kukigusa) ya M18, PNP (inayotoa ishara chanya), 24 V, waya tatu: kahawia ni chanya, bluu ni sifuri, nyeusi ni ishara. Vumbi la mbao haliisumbui, wakati sensa ya mwanga ingezibwa kabla ya mchana. Iweke mbele ya vichwa vya bolti vya chuma, kwa pengo la karibu nusu ya umbali ulioandikwa. Kwa sensa ya mm 8 acha mm 4. Ukitumia shabaha ya alumini umbali huo unapungua zaidi ya nusu. Kebo iwe na kinga ya waya na ipite mbali na kebo ya mota.

Mahali pa kuiweka ni uamuzi mkubwa kuliko aina yake. Watu huiweka kwenye shafti ya mota kwa sababu ni rahisi kufikia. Mikanda ikikatika, mota inasimama haraka, sensa inasema sifuri, mlango unafunguka, na magurudumu yanazunguka kwa kasi. Weka sensa kwenye gurudumu la chini. Kisha weka ya pili kwenye gurudumu la juu, kwa sababu utepe ukikatika la juu linabaki huru. Breki isikilize ya chini. Kufuli lisikilize zote mbili.

Idadi ya bolti inaamua jinsi unavyojua mapema kuwa gurudumu limesimama. Mwendo kwa dakika ni mapigo kwa sekunde mara 60 gawanya kwa idadi ya bolti. Kwa bolti 4 na mwendo wa 668 unapata mapigo kama 44 kwa sekunde, ambayo sensa yoyote inayamudu. Ukisema "chini ya mizunguko 10 kwa dakika ni sifuri", rilei inayosoma sensa inabidi isubiri sekunde 1.5 bila pigo ndipo iamini. Kwa bolti 12 inasubiri nusu sekunde. Kwa breki ya DC, sekunde moja ya ziada haina madhara. Kwa kugeuza fezi, sekunde hiyo inatosha kurudisha utepe nyuma, hivyo weka bolti 12 na ukate mapema, kwenye asilimia 10 hivi ya mwendo, kisha uache mashine ijimalizie.

Jambo moja la kuangalia: kwenye mizunguko 10 kwa dakika, utepe wa gurudumu la mita 1 bado unatembea nusu mita kwa sekunde. Ishara ya kukata breki na ishara ya kufungua mlango zisiwe kitu kimoja. Ya mlango ingoje sekunde 5 zaidi baada ya pigo la mwisho.

Mantiki ya sensa iliyokufa

Sensa iliyokatika waya haitoi mapigo, na gurudumu lililosimama halitoi mapigo. Kwa PLC (kompyuta ndogo inayodhibiti mashine) vinafanana kabisa, na hapo ndipo mfumo mzuri unapogeuka mtego. Andika kanuni tatu kwenye programu.

Mosi, baada ya amri ya kuwasha, mapigo yasipoonekana ndani ya sekunde 3, zima na utoe hitilafu. Pili, mapigo yakitoweka ghafla huku mwendo wa mwisho uliosomwa ulikuwa zaidi ya 200, usiamini kwamba ni kusimama. Gurudumu la kilo 180 haliwezi kusimama kwa sekunde moja. Ichukulie kuwa hitilafu na ushikilie kufuli kwa muda wote mrefu wa kuzunguka bila breki. Tatu, umeme ukirudi baada ya kukatika, anza upya kuhesabu muda huohuo kabla ya kuruhusu mlango, hata kama sensa haioni kitu.

PLC ya kawaida inatosha kukata breki. Kwa kufuli, ambalo linalinda mikono ya watu, tumia rilei ya usalama ya kuangalia kusimama yenye njia mbili. Ukitaka ile inayosoma voltaji inayobaki kwenye koili za mota, hakikisha mtengenezaji ameiruhusu kufanya kazi na softi stata na breki ya DC, maana voltaji ya breki inaweza kuichanganya.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

1. Zima, funga sakiti breka kwa kufuli lako, pima kuwa hakuna voltaji. Softi stata iliyozimwa bado inavujisha voltaji kupitia thairista, kwa hiyo usiitegemee kamwe kama kitenganishi.
2. Endesha mashine na utepe, breki ikiwa imezimwa, kisha zima na upime muda wa kuzunguka mpaka kusimama kabisa. Andika ndani ya mlango wa paneli. Huo ndio muda utakaoupa kanuni ya pili na ya tatu.
3. Linganisha kasi inayosomwa na rilei na ile ya takomita (kipima mizunguko) ya mkononi kwenye magurudumu yote mawili. Ikiwa namba ni nusu au mara mbili, umekosea idadi ya bolti au sensa inaruka mojawapo.
4. Washa breki kwa torki ya chini kabisa inayoruhusiwa, na kikomo cha muda kirefu. Zima. Simama pembeni, mbali na mstari wa utepe, utazame gurudumu la juu.
5. Pandisha torki kidogo kidogo. Baina ya majaribio acha mota ipoe kwa kadiri ya hesabu ya mizunguko kwa saa. Ukiona utepe unacheza mbele na nyuma kwenye gurudumu, au unapiga mluzi, rudi hatua moja na uishie hapo, hata kama sekunde ni nyingi kuliko ulizotaka.
6. Weka kikomo cha muda kuwa mara moja na nusu ya muda mrefu zaidi uliopima, kisha hakikisha ucheleweshaji wa kitufe cha dharura umekizidi.
7. Jaribu vibaya makusudi: chomoa sensa ya chini ikikimbia, bonyeza dharura, kata sakiti breka kuu. Katika kila jaribio mlango ubaki umefungwa mpaka utepe usimame.

Dalili utakazokutana nazo

Breki ikikata na gurudumu bado linatembea, tazama kwanza kama kikomo cha muda ndicho kilichoikata badala ya sensa. Kumbukumbu ya softi stata itakuambia. Muda ukirefuka kwa wiki kadhaa bila mtu kugusa namba, pima mvutano wa mikanda kabla hujaongeza torki. Mkanda unaoteleza hauwezi kupeleka breki kwenye gurudumu, na kuongeza mkondo kutapasha mota tu. Muda ukifupika wenyewe, shika beringi za magurudumu: kuna kitu kinasugua.

PTC ikikata mashine asubuhi yenye kazi nyingi, hesabu mara ngapi imezimwa ndani ya saa hiyo. Mara nyingi utakuta waendeshaji, baada ya kuona msumeno unasimama haraka, wameanza kuuzima kwa kila gogo. Wape kikomo cha mizunguko kwa saa kwa maandishi kwenye paneli, na ukiweke kwenye PLC ikatae kuwasha kabla ya muda kufika. Utepe wa upana mwingine au magurudumu mapya yakifungwa, inesha imebadilika, na hatua ya 2 hadi ya 7 zinarudiwa zote.